Mbwa Wetu na Nyoka wa Msata

Leo hatukuja na habari za mbali wala za bei ya korosho. Twataka kuwasimulia mambo ya nyumbani kwetu: mbwa tuliowafuga, nyoka tuliokutana nao, na kosa moja tulilolitenda kwa mapenzi, ambalo alama yake haijafutika mpaka leo.

Ikiwa mwatusikiliza usiku, mtatuwia radhi kwa kulitaja jina la nyoka. Wazee wetu walitukanya tusimtaje jua likiisha kuchwa. Ilitupasa kusema "kamba" au "unyasi", ati asije akasikia akaitika. Desturi ile twaiheshimu, lakini mazungumzo ya leo hayafai kusemwa kwa mafumbo, maana watu wengi wamepata hasara kwa kukosa kuambiwa waziwazi.

Kwetu ni Msata. Msafiri atokaye Chalinze kwenda Segera na Tanga hupita hapo, na hapo ndipo barabara itokayo Bagamoyo inapoungana na ile barabara kuu. Siku hizi njia hiyo ya Bagamoyo, ambayo urefu wake ni yapata kilomita 64, imetiwa lami. Zamani za utoto wetu, miaka ya 1970 na 1980, ilikuwa njia ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, na mtu mwenye safari aliketi kando akingojea lori la mkaa limhurumie. Nchi yenyewe ni ya vichaka, miti na vichuguu. Upande wa kaskazini upo mto Wami, na upande wa pwani ziko sehemu za Kiwangwa zinazosifika kwa mananasi. Wenyeji ni Wakwere, Wazigua na Wadoe, na sisi ni Wakwere. Twalima mahindi, mihogo na ufuta. Palipo na mahindi pana panya, na palipo na panya nyoka hakosi kuwapo.

Babu yetu alikuwa akikaa peke yake shambani, mbali na njia. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, alihamia kijijini pamoja na wengine. Alikuja na jembe, mitungi miwili, kuku, na mbwa mwekundu mwenye masikio yaliyosimama. Mbwa huyo jina lake lilikuwa Watasema.

Wageni walipolisikia jina hilo walicheka, lakini wenyeji walilielewa mara moja. Katika nchi yetu jina la mbwa mara nyingi ni barua. Mtu mwenye neno na jirani yake, naye hataki ugomvi, humpa mbwa wake jina lenye neno hilo. Kisha jioni husimama uani akamwita kwa sauti kuu, na yule anayehusika husikia. Babu alijua kwamba kijijini nyumba zimekaribiana na vinywa ni vingi. Basi kila jioni aliita, "Watasema! Watasema!" na mbwa akaja mbio, na majirani wakanyamaza.

Lakini aliyesema zaidi alikuwa bibi yetu. Bibi alisoma chuoni tangu udogo wake, na sala zake tano hazikumpita. Alisema, "Nyumba yenye mbwa malaika hawaingii. Mimi nitasali wapi?" Babu alijibu kwamba pasipo mbwa, nguruwe na nyani watakula mahindi yote, na mtu mwenye njaa hasali vizuri. Neno hili liliwatia katika mashindano siku nyingi, mpaka wakalipeleka kwa mwalimu wa chuo. Mwalimu alikuwa mzee mpole. Aliwasikiliza wote wawili, akawaambia kwamba mbwa wa kuchezea hana nafasi, lakini mbwa wa kulinda shamba, au wa kuchunga mifugo, au wa kuwindia, ameruhusiwa. Hata hivyo mate yake ni najisi, na chombo alichokiramba kioshwe mara 7, na mara moja katika hizo kwa udongo.

Basi wakapatana. Watasema alilala nje, kando ya kibanda cha jiko. Alikula katika kigae chake, wala hakupita kizingiti cha nyumba. Bibi alikubali hukumu, lakini jina la mbwa yule hakulitamka. Kila alipotaka kumtaja alisema, "Yule wa babu yenu."

Sasa sikilizeni lililotokea mwaka 1978, katika kiangazi kikali. Kuku wetu mmoja alikuwa akiatamia mayai katika kibanda cha jiko, nyuma ya mafiga. Asubuhi moja bibi alikwenda kuwasha moto. Watasema akamtangulia, akasimama mlangoni mwa kibanda, akabweka. Sisi watoto tulikuwa tumekwisha jifunza sauti zake. Kwa mgeni alibweka kwa kukatiza. Kwa nguruwe alibweka huku akikimbia. Lakini kwa nyoka alibweka mahali pamoja, miguu ya mbele ameikaza, na nywele za mgongo zimemsimama. Bibi alirudi nyuma hatua tatu. Ndipo tulipomwona swila ameinuka kati ya mafiga, shingo ameitanua. Kufumba na kufumbua alitema, na mate yake yakampiga mbwa katika macho yote mawili.

Mbwa alilia kilio ambacho hatujapata kukisikia tena. Alijitupa chini, akawa anausugua uso wake mchangani. Nyoka alipenya chini ya ukuta wa fito akatoweka.

Hapo yawapasa mjue jambo moja kuhusu Msata ya siku zile. Maji yalikuwa shida. Tulikwenda kuyateka mbali, alfajiri na mapema, tukayarudisha vichwani, na mtungi uliojaa ulikuwa mali ya siku nzima. Bibi alikwenda ndani akautoa mtungi wenyewe. Akaketi chini, akakibana kichwa cha mbwa katikati ya magoti yake, akamfumbua macho kwa vidole vyake, akamimina. Alimimina polepole mpaka mtungi ukawa mtupu, akaagiza wa pili, akaumimina huo nao. Babu alisimama asiseme neno. Bibi alipokwisha aliosha mikono yake mara 7, na ya kwanza kwa udongo, kama alivyoamriwa na dini yake. Kisha akatutuma tena majini, nasi tulikwenda tukinung'unika njia nzima.

Baada ya siku 4 Watasema alifumbua macho, na baada ya juma moja alikuwa akiona kama kwanza. Tangu siku ile bibi ndiye aliyempelekea ugali wake. Na jioni moja tulimsikia uani akiita kwa sauti, "Watasema!" Babu alikuwa akisuka ukili barazani, aliinamisha kichwa akacheka peke yake.

Alilolifanya bibi siku ile ndilo wanalolifundisha waganga wa hospitali hata leo. Swila ana matundu mbele ya meno yake, naye huweza kurusha sumu umbali wa mita 2 na zaidi, akilenga uso. Sumu hiyo ikianguka juu ya ngozi isiyo na jeraha, ioshwe tu, haina hatari kubwa. Bali ikiingia machoni huchoma vikali, na isipooshwa yaweza kupofusha. Dawa ya kwanza ni maji mengi safi, yamiminwe kwa muda mrefu, na yakikosekana maji, maziwa hufaa. Macho yasisuguliwe, wala yasitiwe maji ya majani. Kisha mgonjwa apelekwe zahanati.

Watasema alikufa kwa uzee. Aliacha binti aliyeitwa Subira, mweusi mwenye kifua cheupe, mwepisi wa mbio kuliko baba yake. Mwaka 1984, wakati wa mavuno, tulikuwa shambani kwa babu tukivunja mahindi. Palikuwa na kichuguu cha zamani kando ya shamba, kilichomea miti. Kaka yetu alikuwa amekikaribia, mgongo amekigeuzia, na mikono yake imejaa mahindi. Subira akaanza kubweka, miguu ameikaza, nasi sote tukajua maana yake.

Katika kichuguu kile alitoka koboko. Watu wengi hudhani koboko ni mweusi, lakini rangi yake ni ya kijivu kama fimbo iliyokauka. Kilicho cheusi ni kinywa chake kwa ndani. Huyo alikuwa mrefu kupita mtu mzima. Hakuwa na haja na kaka yetu. Alitaka njia ya kupita. Kaka aliyatupa mahindi akaruka upande. Babu alipiga kelele kumwita Subira arudi, na laiti angalirudi, koboko angalikwenda zake. Lakini mbwa hakurudi. Alimrukia mara mbili, na mara ya pili akaumwa shavuni.

Tulimbeba kuelekea nyumbani. Kwanza miguu yake ililegea, halafu mate yakamtoka, kisha pumzi ikawa ya shida. Hatukufika. Babu alimzika mpakani mwa shamba, akaweka mawe juu ya kaburi ili fisi wasimfukue. Jirani mmoja alicheka kuona mzee akimchimbia mbwa kaburi. Babu hakumjibu.

Hatusemi kwamba Subira alikusudia kufa kwa ajili ya kaka yetu. Hayo ni mambo ya hadithi. Mbwa alifanya tabia ya mbwa, nyoka naye akafanya tabia ya nyoka. Twasema hivi kwa sababu wako watu wanaofuga mbwa wakidhani wamekwisha pata ulinzi wa nyoka. Mbwa si nguchiro. Kazi yake ni kuwaonyesha watu palipo na hatari, na mkiisha onywa, mwiteni arudi, maana akimchokoza nyoka humkasirisha, na pengine humfukuzia ndani ya nyumba. Fundisheni mbwa wenu kurudi anapoitwa. Sisi Subira hatukumfundisha.

Baada ya hayo babu alisema hataki mbwa mwingine. Uani pakawa kimya.

Sasa twafika mahali pagumu. Ilikuwa mwezi wa Aprili, mwaka 1986, na mvua za masika zilikuwa zimekaza. Mafuta ya taa yalikuwa hayapatikani kwa urahisi, na siku ile kibatari chetu kilikuwa kikavu. Kitindamimba wetu, msichana wa miaka 9, alitoka baada ya sala ya magharibi kwenda msalani. Njia aliijua kwa miguu yake, kwa hiyo hakuomba mwenge. Kifutu alikuwa amelala katikati ya njia.

Nyoka huyo, ambaye wengine humwita moma au bafe, ni mfupi na mnene, na madoa yake yafanana na majani makavu. Nyoka wengi husikia kishindo cha mtu wakakimbia, kifutu hakimbii. Hutulia akitumaini kwamba hataonekana, na akikanyagwa huuma kwa haraka ya ajabu. Ndiyo sababu huumiza watu wengi, hasa usiku. Laiti palikuwa na mbwa uani usiku ule, huenda angalibweka. Lakini hapakuwa na mbwa.

Tulisikia ukelele mmoja. Mama alimkimbilia akamkuta ameshika mguu wa kushoto. Kaka alileta kijinga cha moto, tukaona alama mbili za meno, na damu. Mjomba wetu alikuwa mgeni kwetu siku hiyo. Kwa sisi Wakwere mjomba si mtu wa kando. Watoto wa dada yake ni wake, na neno lake juu yao lina uzito. Mjomba hakupoteza hata dakika. Alichukua kamba ya katani akaufunga mguu chini ya goti, akaikaza kwa kijiti mpaka ikazama katika nyama. Akachanja jeraha kwa wembe. Jirani akaleta jiwe jeusi la nyoka alilolinunua kwa msafiri, likabandikwa juu ya jeraha.

Babu alisema, "Mtoto apelekwe hospitali." Lakini mvua ilikuwa ikinyesha, gari hakuna, na giza ni tupu. Mama alisema, "Kamba imemkaza mno, analia, ilegezeni." Mjomba alijibu, na maneno yake twayakumbuka: "Dada, nikiilegeza sumu itapanda moyoni, na mtoto atakufa mikononi mwangu." Ni nani angalithubutu kuifungua baada ya maneno hayo? Sote tuliamini vivyo hivyo. Mjomba alikesha ameushika mguu ule, na kila kamba ilipolegea aliikaza tena. Hapakuwa na mtu aliyempenda mtoto yule usiku ule kuliko yeye.

Asubuhi mguu ulikuwa umevimba, na vidole vimekuwa vyeusi na baridi. Lori la mkaa lilipita saa nne, likatupakia. Tulikwama matopeni mara mbili. Tulipofika hospitali adhuhuri ilikuwa imepita. Kamba ile ilikuwa imekaa zaidi ya saa 16.

Mganga aliiangalia, akailegeza kwa hadhari huku dawa zake zikiwa tayari. Kisha akatueleza kwa upole, wala hakutukemea. Alisema kwamba sumu ya kifutu kazi yake kubwa ni kuharibu nyama pale ilipoingia. Kamba huifungia sumu mahali pamoja, na papo hapo huzuia damu isifike miguuni, na nyama isiyopata damu hufa. Kwa hiyo mguu ulikuwa na maadui wawili, mmoja akiwa nyoka, na mwingine sisi wenyewe.

Ndugu yetu alikaa hospitali miezi 2. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini alirudi nyumbani bila vidole 3 vya mguu wa kushoto.

Mjomba hakula tena nyumbani kwetu kwa muda wa mwaka mzima. Alikuja, akasalimu akiwa amesimama, akaondoka. Hapana aliyemlaumu, bali yeye mwenyewe alijilaumu. Mwisho, kitindamimba wetu alikwenda kwake kwa miguu yake, akichechemea, akamwambia, "Mjomba, viatu vyote havinikai. Nitengenezee makatambuga." Mjomba alichukua kipande cha tairi, akamwambia aweke mguu juu yake ili aupime. Watu waliokuwapo wanasema aliupima muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Jioni ile alimrudisha mtoto nyumbani, akaketi jamvini, akala.

Wasikilizaji, tumeyasema haya kwa idhini ya ndugu yetu huyo, ambaye sasa ni mama wa watoto, ili wengine wasirudie kosa letu. Mtu akiumwa na nyoka, fanyeni hivi. Mwondoeni penye nyoka; msipoteze saa kwa kumwinda nyoka, maana wengi huumwa kwa kumwinda. Mvueni pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza. Mlazeni atulie, mguu au mkono ulioumwa usitikiswe. Ufungieni kijiti kama mfungiavyo mfupa uliovunjika, lakini msiukaze. Kisha mpelekeni hospitali upesi, akiwa amebebwa, asitembee ikiwezekana. Msifunge kamba ya kukaza. Msichanje. Msinyonye. Msitie mafuta ya taa wala majani. Na akiwa ameumwa na koboko au nyoka wa jamii yake, mtazameni pumzi zake njia nzima, kwa kuwa sumu hiyo hulegeza viungo mpaka pumzi ikakatika.

Pengine mtauliza, "Mbona jiwe jeusi tumeliona likiponya?" Swali hili ni la haki. Jibu lake ni kwamba nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitia. Mtu wa namna hiyo angepona hata kwa kubandikwa kipande cha kaa. Jiwe hupewa sifa ambayo si yake, na siku litakapokutana na sumu ya kweli, mgonjwa atakuwa amekwisha poteza saa zake.

Dawa ya kweli ina historia yake. Mwaka 1885, katika mji wa Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto huyo akapona. Miaka michache baadaye mwanafunzi wa kazi yake, Albert Calmette, alipelekwa Saigon, nchi ya Vietnamu, kutengeneza chanjo. Huko mafuriko yaliwaingiza nyoka katika nyumba za watu, kama masika yafanyavyo kwetu, na wengi wakaumwa. Calmette aliyaona hayo akaanza kutafuta dawa, na kabla ya mwaka 1896 alikwisha ipata. Hivyo kazi ya jeraha la mbwa na kazi ya jeraha la nyoka ni kama ndugu wa nyumba moja. Dawa ya nyoka hufanywa hivi: farasi hutiwa sumu kidogo kidogo kwa muda mrefu, mpaka damu yake ijifunze kuishinda, kisha kutoka katika damu hiyo hupatikana dawa. Lakini dawa ya nyoka wa Asia haimfai aliyeumwa na nyoka wa Afrika, wala haifai kutiwa nyumbani, maana yaweza kumgeukia mgonjwa. Hiyo ni kazi ya hospitali.

Hapa nchini watu wa Liwale na Newala walimjua C. J. P. Ionides, bwana nyama wa zamani, ambaye walimwita Bwana Nyoka. Mpaka alipokufa mwaka 1968 alikuwa amekamata nyoka elfu nyingi wakiwa hai, na kuwapeleka kwa wataalamu wa nchi mbalimbali. Naye hakuwachukia. Babu yetu pia alisema kwamba asiyetaka nyoka hata mmoja duniani, na ajitayarishe kuwalisha panya ghala lake.

Mambo haya si madogo. Shirika la Afya la Dunia lakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kuumwa na nyoka, na waliobaki na vilema ni yapata mara 3 ya hesabu hiyo. Wengi wao ni wakulima na watoto wao. Mwaka 2017 shirika hilo liliyaandika majeraha ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka shabaha ya kuipunguza hesabu ya vifo na vilema iwe nusu ifikapo mwaka 2030.

Lakini kazi ya kwanza ni yetu. Fyekeni nyasi kuzunguka nyumba. Kuni na matofali viwekwe mbali na ukuta. Ghala liinuliwe juu ya nguzo, panya wasijenge chini yake. Zibeni matundu. Laleni kitandani, na chandarua kichomekwe chini ya godoro, nacho kitawazuia mbu na nyoka pamoja. Usiku chukueni taa, vaeni viatu, na tangulizeni fimbo.

Na mwenye mbwa amchanje kila mwaka. Mbwa asiyechanjwa aweza kuleta kichaa, ugonjwa ambao dalili zake zikiisha kuonekana kwa mtu hauponi. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Tumalize kwa habari ya nyumbani. Mwaka 1987 mbwa mwingine aliingia uani kwetu, mtoto wa mbwa wa rangi ya mchanga, mwenye masikio yaliyosimama. Hakuletwa na babu. Bibi ndiye aliyekwenda kumwomba kwa jirani, yule aliyecheka siku ya kumzika Subira. Alimfungia kamba shingoni, akamwonyesha kigae cha kulia. Babu akauliza mbwa huyo ataitwaje. Bibi akafikiri, akasema, "Tumejua."

Majirani walijiuliza jina lile limekusudiwa kwa nani. Jioni alipoitwa, kila mmoja alitega sikio, akimdhania mwenzake. Sisi wa nyumba ile tulijua kwamba barua hiyo ilikuwa yetu wenyewe.

Kwaherini, nanyi mwende na taa.